Nimepata injini ya 2.5 kwa bei ya kutupa, mke wangu amenuna

Shikamoo shangazi,

Mimi ni baba wa mtoto mmoja, naishi Kiamunyi hapa Nakuru, na kazi yangu ni kuchomelea milango na madirisha. Nina Subaru Forester ya turbo, ile SG5, injini EJ205 ya lita mbili, gia za mkono. Mwezi wa Machi tukirudi kutoka Soysambu kutazama Safari Rally, nilikuwa nalipita lori pale Mbaruk, taa ya oili ikawaka mara moja ikazima. Kufika Lanet injini ikaanza kugonga. Tuliivuta hadi nyumbani. Niliposhusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nilikuta oili imejaa unga wa chuma, na beringi ya konrodi moja imekwisha kabisa.

Sasa rafiki yangu fundi ana injini ya EJ253 ya lita 2.5, isiyo ya turbo, iliyotoka kwenye Outback. Ataniachia kwa Sh80,000. Mpango wetu ni kuchukua bloku hiyo, kufunga juu yake vichwa vyangu vya turbo na turbo yangu ileile, tupate 2.5 turbo ya kujitengenezea. Kompresheni ikizidi, anasema tutaweka gasketi mbili. Kazi yote tutaifanya nyumbani kwa mama, chini ya kibanda cha mabati. Akiba yangu ni Sh250,000.

Shida ni mama watoto. Pesa hizo tulikuwa tumezitenga za kumalizia ploti ya Bahati. Hajanigombeza, ila tangu nimweleze habari ya injini hanijibu ila kwa neno moja moja. Kaka yangu mkubwa anasema niuze gari kwa kilo. Mama yuko upande wangu, ingawa nadhani ni kwa sababu nitakuwa nashinda kwake.

Shangazi, mpango huu unawezekana? Unaweza kufanyika nyumbani? Na mke nimwambie nini?

Mchomeleaji, Kiamunyi

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa injini.

Hiyo EJ253 usiinunue. Nimeanza na hilo kwa sababu najua bei ya kutupa inavyowasha mkono, na rafiki yako huenda anakupigia simu unaposoma hapa. Tamaa yako ya injini kubwa si ya kipuuzi, na nitaitetea mbele ya kaka yako. Lakini bloku hiyo haikuundwa kwa turbo, na gasketi mbili hazitaibadilisha.

Chukua kalamu. Silinda ya 2.5 ina kipenyo cha milimita 99.5, na pistoni husafiri milimita 79. Hiyo ni cc 614 kwa kila silinda. EJ253 hubana hewa kwa uwiano wa 10 kwa 1, maana yake pistoni ikifika juu kabisa inabakiza nafasi ya cc 68 hivi. Injini ya turbo ya mtaani, inayokunywa petroli yetu, ingependa uwiano wa 8.5 kwa 1 au karibu na hapo. Kwa silinda hiyohiyo, 8.5 inadai nafasi ya cc 82. Umepungukiwa na karibu cc 14, kiasi cha kijiko kikubwa cha mezani, katika kila silinda. Gasketi yenye tundu la milimita 100 hukuongezea cc 8 hivi kwa kila milimita ya unene wake. Kwa hiyo ungehitaji karibu milimita 1.7 juu ya unene ulioanza nao. Gasketi za namna hiyo, zikipandishwa moja juu ya nyingine, ndizo zinazopuliza maji kwenye rejeta kabla hujafika Njoro. Na hizo cc 68 ni pamoja na vichwa vya EJ253 yenyewe. Vichwa vyako vya EJ205 vilichongwa kwa silinda ya milimita 92. Sitegemei vikuongezee nafasi.

Kompresheni ikizidi kwenye turbo, petroli hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujamaliza kazi yake. Huo mlio hapa nitauita noki, usiuchanganye na kugonga kwa beringi kulikokupata. Noki hupiga pistoni kutoka juu, na pistoni za kiwandani za Subaru, ambazo ni za kumiminwa, huvunjika pale ukingoni ringi zinapokaa. Huanza kama moshi kidogo na oili inayopungua bila kuvuja. Siku mbili tatu zikipita unapima kompresheni na silinda moja haina kitu.

Kisha kuna umbo la bloku yenyewe. Ukifungua kichwa cha EJ253 utaona silinda zimesimama katikati ya maji, hazijashikwa kwa juu. EJ255 na EJ257, ambazo ni lita 2.5 zilizotengenezewa turbo, zina madaraja ya chuma yanayozishika silinda kwa juu. Tena silinda za 2.5 zimetanuliwa kutoka milimita 92 hadi 99.5 ndani ya bloku ya ukubwa uleule wa nje, kwa hiyo kuta zake ni nyembamba kuliko za 2.0 yako. Msukumo wa turbo ukizitikisa, gasketi ndiyo inayolipa.

Rafiki yako atakuambia kuna watu wamefanya wakafaulu. Wapo, simkatalii. Hao walinunua pistoni za kufuliwa (za metali iliyogandamizwa, si ya kumiminwa) zenye bakuli la kutosha juu, wakapunguza msukumo wa turbo, wakalipa mtu anayejua kuandika ramani ya kompyuta ya injini, yaani maagizo yake ya petroli na cheche. Ukiongeza pistoni hizo, ringi, beringi na kazi ya mashine, hiyo si tena injini ya Sh80,000. Akiba yako imeisha na bado hujanunua hata gasketi.

Sasa nikutetee. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa tunayovuta hapa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Kabla turbo haijaamka, lita mbili yako inapumua kama injini ndogo zaidi. Unakanyaga kutoka Salgaa nyuma ya trela, unasubiri, unasubiri, halafu nguvu inakuja yote kwa pamoja wakati nafasi ya kupita imekwisha. Cc 2,457 ukizigawa kwa cc 1,994 ni ongezeko la asilimia 23. Kwa hiyo 2.5 hapa Nakuru, turbo ikiwa bado imelala, huvuta hewa karibu sawa na 2.0 iliyoko Mombasa. Mtu wa huku kwenye mwinuko kutaka injini kubwa ana hoja, na kaka yako anayesema uuze kwa kilo hajawahi kusukumwa na basi la usiku kwenye mteremko wa Sachangwan.

Turbo yako ndogo ya TD04 ingefurahi pia. Kwenye 2.5 ingeamka mapema zaidi, ingawa juu kwenye mizunguko mingi ingekosa pumzi. Kwa mtu anayetaka kuyapita malori na si kushindana, hiyo ni biashara nzuri. Gia boksi yako ya gia tano ndiyo haitafurahi. Usianze mbio kwa kuachia klachi ghafla.

Ila usidhani ukubwa ndio uliofanya Subaru ipendwe huku. Impreza iliyompa Colin McRae ushindi wa Safari mwaka 1997, na ile ya Richard Burns mwaka 2000, zilikuwa za lita mbili, tena zilizowekewa kizuizi cha hewa cha milimita 34 mbele ya turbo kwa amri ya kanuni za mashindano. Nawaambia hivyo vijana wanaokuja na orodha ya vifaa ndefu kuliko risala ya harusi. Na wapo wanaofunga krenki ya 2.5, ile shafti inayozungushwa na pistoni, yenye mwendo wa milimita 79, kwenye bloku ya 2.0 wakapata cc 2,100. Ni ongezeko la asilimia tano kwa gharama ya pistoni maalumu. Mimi nisingejisumbua.

Nataka tukae kidogo kwenye jambo ambalo barua yako imelipita haraka: unga wa chuma. Hilo ndilo linaloua injini ya pili. Beringi ilipokwisha, pampu iliendelea kusukuma ule unga kila mahali oili inapofika, kutoka Mbaruk hadi ulipozima. Umo ndani ya vichwa, kwenye njia za kamshafti (shafti zinazofungua vali) na kwenye mfumo wa AVCS unaozungusha kamshafti kwa shinikizo la oili. Umo ndani ya turbo. Umo ndani ya kile kipoza oili kilichokaa juu ya filta, chenye vijia vidogo ambavyo hakuna petroli wala hewa ya kompresa itakayovisafisha ukawa na uhakika. Watu hujenga bloku safi kabisa, wakafunga juu yake vichwa vichafu na kipoza kilekile, na beringi mpya zikaliwa kabla hata gari halijafanyiwa sevisi ya kwanza. Kisha hulaumu beringi.

Kwa hiyo, uamue lolote kuhusu ukubwa, kipoza oili ni cha kutupa. Pampu ya oili ni mpya. Bomba la kufyonza oili ndani ya sampu likaguliwe kwa mwanga, maana kwenye injini hizi hupata ufa pale lilipounganishwa, likaanza kuvuta hewa badala ya oili. Wewe ni mchomeleaji, utauona ufa huo kabla ya fundi yeyote, lakini usiuzibe, nunua jipya. Vichwa vifunguliwe vyote, vali zitoke, kila njia ya oili ipigwe brashi. Turbo ishikwe shafti yake na mtu anayezijua. Krenki iliyokwanguliwa mimi nisingekubali isagwe; tafuta nyingine iliyo sawa.

Na ile taa ya oili iliyowaka Mbaruk haipimi kiasi cha oili, inapima shinikizo. Ikiwaka injini ikiwa kwenye mzigo, unazima papo hapo na kuvutwa, hata kama imezimika yenyewe. Subaru za turbo hunywa oili. Kijiti kinachomolewa kila unapojaza tangi.

Kuhusu kufanya nyumbani: sehemu kubwa inawezekana, na mama yako atapata mgeni wa kumpikia. Kuchonga silinda, kusawazisha uso wa bloku na kukagua krenki ni kazi ya karakana yenye mashine. Waulize kama wana bamba la kufunga juu ya bloku wakati wa kupiga honi, yaani kusugua ndani ya silinda kwa mawe ya kunolea, kwa sababu boliti za kichwa zikikazwa silinda hupinda kidogo, na honi iliyopigwa bila bamba inakuachia silinda isiyo duara pindi unapofunga kichwa. Wakikucheka, tafuta karakana nyingine.

Kinachobaki ni kupima na kuunga, na hapo nyumbani panatosha ukiishinda vumbi. Nakuru yetu unaijua upepo unapoanza kuvuma mchana. Kibanda cha mabati kilicho wazi hakifai kufungia krenki. Omba chumba chenye mlango, mwaga maji sakafuni, vaa nguo isiyo na unga wa grainda yako, na kazi ya kuchomelea isikaribie hapo hata kidogo. Pengo la oili kwenye beringi liko kati ya milimita 0.02 na 0.05 hivi. Chembe moja ya grainda ni kubwa kuliko hilo. Azima mikromita na kipimo cha ndani cha saa kutoka kwa mtu anayeviheshimu. Pengo la ringi kwa silinda ya milimita 99.5 yenye turbo huwa karibu nusu milimita, lakini karatasi iliyokuja na pistoni ndiyo yenye neno la mwisho.

Kuna kipimo kimoja cha bei rahisi ambacho ningependa ufanye hata kabla ya kununua chochote. Laza kichwa chako kimeangalia juu, vali zimefungwa na plagi imo. Paka grisi ukingoni, funika kwa kipande cha plastiki ngumu angavu chenye tundu, kisha jaza mafuta ya taa kwa sindano ya duka la dawa hadi povu la mwisho litoke. Umejua cc za kichwa chako, huhitaji kubishana na mtu. Rudia kwa vyumba vyote vinne.

Ramani ya kompyuta usiiache iwe ya mwisho kwenye bajeti. Kompyuta yako iliandikwa Japani, ambako petroli ya juu huuzwa kama oktani 100, na petroli yetu ya kawaida haifiki huko. Hata 2.0 yako ilikuwa ikivumilia. Anayeiandika upya apime mchanganyiko wa hewa na petroli kwa kihisi, asikisie kwa rangi ya plagi, na asikilize noki kwa data. Mwambie pia unasafiri. Msukumo wa turbo hupimwa juu ya hewa ya nje: bar 1 kwenye geji hapa Nakuru ni jumla ya bar 1.8 hivi ndani ya injini, na bar 1 hiyohiyo ukiwa Mombasa ni bar 2. Geji haitakuonyesha tofauti, pistoni ndizo zitakazoihisi. Hata kuteremkia Kisumu kwa njia ya Kericho kunaongeza kiasi. Ramani iliyokazwa hadi mwisho ikiwa Nakuru haijaacha nafasi ya safari ya kwenda kumwona shemeji.

Tuje kwa mama watoto. Mwanangu, wewe mwenyewe umeandika kwamba pesa zilikuwa za ploti na kwamba *mlikuwa mmezitenga*, nyinyi wawili. Halafu ukamletea injini. Kimya chake nakielewa. Fundi anasema Sh80,000, lakini mke wa mchomeleaji anajua mlango wa Sh20,000 unavyoweza kula Sh35,000, na huo ni mlango tu. Akisikia injini anaona shimo lisilo na sakafu, na kwa namna mlivyoipanga, anaona sawasawa.

Keti naye ukiwa na karatasi, si maelezo. Andika bei ulizoulizia mwenyewe: krenki, seti ya beringi, ringi au pistoni, gasketi zote, pampu, kipoza, mkanda wa taimingi na puli zake, kazi ya karakana, oili ya kwanza na ya pili, ramani. Ongeza robo yake ya yasiyojulikana. Kisha mpe chaguo mbili ambazo wewe uko tayari kuishi nazo zote. Moja ni kuifufua 2.0 vizuri kwa sehemu ya akiba, gari lirudi barabarani, na ploti iendelee kwa kiasi kilichobaki. Nyingine ni kumaliza ploti kwanza, gari likae juu ya mawe kwa mama, na wewe ukusanye polepole bloku ya EJ255 au EJ257 kwa pesa za kazi za jioni. Ningekuwa wewe ningechukua ya kwanza. Lakini ningemwachia yeye achague, na akichagua nisingerudi baada ya wiki na pendekezo la tatu.

Kaka yako muache aseme. Halipi yeye.

Jambo la polisi hukuuliza, ila nitalitaja. Logbuku yako ina namba ya injini na cc. Ukibadilisha bloku, vyote viwili vimebadilika, na inabidi upeleke mabadiliko hayo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari likaguliwe. Bloku inunuliwe na risiti na karatasi za kuingizwa nchini, maana namba isiyo na karatasi inaweza kuwa ya gari lililoibwa Naivasha juzi. Bima nayo iambiwe. Ukigonga mtu na injini iliyo ndani siyo iliyoandikwa, utawapa sababu ya kutolipa.

Siku ukienda kutafuta bloku hiyo kubwa, wauzaji watakuambia kila 2.5 ni ya turbo. Ondoa kifuniko cha mkanda mbele uhesabu puli za kamshafti. Mbili, kamshafti moja kila upande, ni EJ253 au ndugu zake, rudisha kifuniko. Nne bado hazitoshi, kwa sababu EJ25D ya Legacy za miaka ya tisini nayo ina nne, haina turbo, na gasketi zake za vichwa zina sifa mbaya. Soma namba iliyopigwa juu ya bloku, karibu na injini inapokutana na gia boksi, na usilipe kabla kichwa kimoja hakijafunguliwa ukayaona madaraja kati ya silinda na ukuta. Muuzaji akikataa kufungua, nauli ya kurudi nyumbani ni ndogo kuliko bei ya bloku.

Shangazi